Sauti ya Kipande cha Kumi na Saba

Kila Alhamisi saa nne asubuhi Digna Kihwele alishuka ngazi sitini na mbili za handaki la Lyanga, amejifunga vitenge viwili kwa ajili ya baridi, na kila Alhamisi fundi Osmund Gama alimsubiri chini na spika za masikioni mkononi. Miaka mitatu sasa. Mwanzoni mama yule alishuka bila kupumzika hata mara moja. Siku hizi alisimama mara nne, akashika ukuta na kuhema, na Gama akajifanya anakagua waya ili asionekane anamtazama.

Safari hii alisimama mara sita.

Walisalimiana kwa Kihehe, kamwene kwa kamwene, ingawa Gama ni Mngoni wa Songea na lugha ile aliijulia kazini. Digna alimwita mtani, Gama akamwita shemeji. Mama akaketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya kipande cha kumi na saba, akavaa spika, akafumba macho. Gama akabonyeza kitufe.

Yeye hakuhitaji spika. Sekunde kumi na moja tu, na alizijua zote. Kwanza makelele ya watu, mtoto anakohoa, halafu sauti ya mwanamume yenye mkwaruzo wa sigara: *Jamani, mbona mnalia? Nimetoka kidogo tu. Digna, usifunge mlango. Narudi.*

Mama alisikiliza mara tatu, ndiyo haki yake kisheria. Alipomaliza alikunja pindo la kitenge akajifuta uso, akasema ukungu wa jana uliingia mpaka chumbani, akaamka na kuukuta umelowesha shuka. Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayeeleza habari za mgeni. Kisha akaanza kupanda ngazi, na Gama akabaki chini akisikiliza pumzi yake ikipanda polepole.

Sasa sikiliza, maana bila hili hutaelewa kwa nini fundi mzima wa miaka hamsini alikuwa hali akashiba.

Chini ya mashamba ya chai ya Mufindi, mita kumi na mbili kwenda chini, ipo pete ya kigae cheusi, iliyoungwa kwa vipande, ambayo ukiizunguka kwa miguu unamaliza nusu kilomita. Umeme ukiingizwa humo haupungui. Unazunguka tu, leo, kesho na mwaka ujao, mpaka mikoa mitatu iuhitaji. Ila sharti kigae kipozwe kwa naitrojeni ya kimiminika mpaka kishuke chini kabisa ya sifuri, nyuzi mia moja na hamsini. Wataalamu nao wana utani wao: kigae cha namna hiyo wanakiita kipitishi cha joto la juu, kwa kuwa vile vya zamani vilitaka baridi kali zaidi. Liguse hilo joto lao la juu uone kama kidole utarudi nacho nyumbani.

Elektroni hujizungusha kama pia ya kuchezea watoto. Moja huelekea juu, nyingine chini. Kigae kikiwa na joto kila moja inafanya yake, fujo tupu. Kikivuka kile kiwango cha baridi zinashikana mbili mbili, ya juu na ya chini, na zikishashikana hakuna kinachozikwaza, ndiyo maana umeme haupotei. Lakini si zote zinazopata mwenzi. Zipo zinazobaki palepale zilipo, kila moja imeelekea upande ule iliokutwa nao dakika ya kupoa. Kwa miaka mingi hakuna aliyezijali hizo. Mpaka siku fundi mmoja wa pete ya kaskazini alipozipima kwa kifaa chake akasikia wanaume wawili wakibishana juu ya bei ya mbolea, na mmoja wao alikuwa amekwisha kuzikwa. Mtikisiko wa maneno yao ulikuwa umezielekeza elektroni zile, na baridi ikazishika hivyohivyo.

Basi nchi nzima ikashika kichwa. Bunge likatunga sheria: pete yenye sauti ya marehemu haipashwi moto bila sahihi ya mfiwa, maana joto likirudi kila elektroni inageukia inakotaka na sauti haipatikani tena mbinguni wala duniani. Na mfiwa ana haki ya kusikiliza siku moja kwa wiki, mara tatu. Ndiyo hizo Alhamisi.

Tatizo la Gama lilikuwa dogo kulisema na kubwa kulibeba. Sauti ya kipande cha kumi na saba haikuwa ya Alatanga Kihwele, mume wa Digna. Ilikuwa yake yeye.

*

Alatanga alikuwa fundi mkuu wa Lyanga na mtu wa maneno. Yeye Mhehe, Gama Mngoni, na wazee wao walipigana vita mpaka wakachoka wakageuza uadui kuwa utani, kwa hiyo hawa wawili hawakuwahi kuongea kwa adabu hata siku moja. Gama alisema mbwa wa kituo anakonda kila Alatanga anapomtazama. Alatanga alisema babu zake Gama walitembea kutoka kusini ya mbali na ngao zao, wakafika Songea miguu ikauma, wakadanganya kwamba ndipo walipokuwa wanaenda. Walikula sahani moja miaka kumi na minne.

Siku aliyokufa, Alatanga alikuwa kituoni tangu alfajiri, kabla ya wenzake, na hakuna aliyejua kwa nini aliwahi vile. Bomba la naitrojeni lilipasuka, pete ikapata joto, kimiminika kikachemka kikawa hewa isiyovutika, ikajaza handaki kimyakimya. Haina harufu wala haichomi. Mtu anakaa chini kupumzika, basi. Walimkuta ameegemea kipande cha kumi na saba kama anayesinzia.

Siku ya tano, baada ya maziko, shangazi yake marehemu alisema hawaondoki bila kwenda kumchukua ndugu yao mahali alipokatia roho, asije akabaki anazunguka na umeme. Uongozi uliogopa kumkatalia bibi mwenye machozi, ukaruhusu. Wakashuka watu thelathini na tawi bichi la kubebea roho ya marehemu, na wanawake walipofika chini wakaangua kilio ambacho handaki lilikirudisha mara tatu.

Na hapo ndipo mtani anapotakiwa. Msibani wengine wote wanalia, mtani halii. Mtani anachukua nguo ya marehemu, anavaa, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, mpaka waliokuwa wanazimia wanacheka huku kamasi zinawatoka. Hiyo ndiyo kazi yake. Akimaliza, wafiwa wanampa chochote, kuku au pishi ya mahindi, wanamwambia vua, naye anavua, na hapo kila mtu anajua marehemu kweli amekufa. Asiyepewa hajamaliza.

Gama alivaa koti la kazi la Alatanga, lile la kijani lenye pamba ndani. Aliinamisha bega la kushoto. Na sauti ikaja yenyewe, hakuitafuta. Alichagua kichekesho kilichojulikana wilaya nzima: Alatanga alikuwa mtu wa "natoka kidogo tu", akitoka kidogo anarudi jogoo wa pili, anakuta mkewe amepiga komeo, analala ghala la mahindi. Kwa hiyo Gama akasema yale maneno. Watu wakacheka. Hata shangazi alicheka. Digna peke yake hakucheka, alishika mdomo.

Kabla hajapewa chochote, king'ora kikalia. Vijana wa chumba cha mitambo huko juu, waliokuwa wakiipoza pete tangu juzi yake, waliona kipande cha kumi na saba kinavuka kiwango wakataka handaki liwe tupu. Watu wakakimbilia ngazi wakikanyagana. Gama alitoka na koti mwilini. Hakuna aliyemwambia avue, na baada ya hapo hakujua alirudishe kwa nani. Akalitundika kabatini kwake pale kituoni.

Wiki mbili baadaye kifaa kilipopitishwa kwenye kigae, sauti ikasikika, na mkuu wa kituo mwenyewe akapanda pikipiki kwenda kumwambia mjane habari njema. Gama alikuwa likizo Songea. Aliporudi alimkuta Digna chini, kavaa spika, anatabasamu. Ungekuwa wewe ungesema nini? Alinyamaza siku ile. Kunyamaza ni rahisi siku ya kwanza, na siku ya pili kunakuwa tabia.

*

Fotunata, binti pekee wa Digna, ni muuguzi Dar es Salaam. Alimpigia Gama jioni ya Alhamisi ileile. Daktari amesema valvu ya moyo wa mama imelegea, haifungi, na mapafu yameanza kuingiwa na maji kwa sababu ya baridi anayolalia. Apasuliwe kabla ya masika. Miezi miwili, basi. Nafasi hospitalini ipo, kitanda kipo, Fotunata kaomba ruhusa kazini. Mama hataki. Anasema hawezi kuondoka nyumbani, maana baba alimwambia asifunge mlango, na nyumba haiachwi wazi bila mtu.

"Baba mdogo, wewe ndiye mtu wake," Fotunata alisema. "Ukimwambia wewe atasikia."

Jumamosi Gama alikwenda. Nyumba ya Digna iko mwisho wa barabara ya chai, mbele ya misonobari, na mlango ulikuwa wazi kama ulivyokuwa wazi kwa miaka mitatu, mchana na usiku, umezuiwa na jiwe usije ukasukumwa na upepo. Sakafu ya ukumbi ilikuwa imeota ukungu wa kijani pembeni. Akakaribishwa uji. Akaunywa wote. Kisha akasema yote, tangu koti mpaka king'ora, akitazama kikombe.

Digna alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika ikabidi Gama amshike mgongo.

Alipopata pumzi alisema Wangoni bwana, watu wa ajabu, hata mjane mgonjwa hamumwachi. Gama akaapa. Akaapa kwa mama yake. Lakini kiapo cha mtani nyumbani kwa mfiwa hakinunui hata kiberiti. Mtani anaruhusiwa kusema marehemu alimwachia shamba, anaruhusiwa kusema yeye ndiye atakayemrithi mjane, na hakuna wa kukasirika wala wa kuamini. Kadiri Gama alivyozidi kusema kweli ndivyo mama alivyozidi kufuta machozi ya kicheko. Kuhusu tarehe, kwamba sauti imeshikwa siku tano baada ya kifo, alijibu kwa upole kwamba hilo analijua. Ndiyo siku waliyokwenda kumchukua. Angekuwa wapi siku hiyo kama si pale?

Gama alikuwa na ushahidi mmoja tu. Mwishoni mwa zile sekunde, baada ya "narudi", kulikuwa na kicheko chake mwenyewe alichokibana puani. Mwaka wa kwanza alikuwa akikisikia vizuri. Jumatatu alishuka peke yake akavaa spika, akasikiliza.

Kicheko hakikuwepo.

Akarudia mara nane. Hakikuwepo, na wala si hicho tu. Lafudhi yake ya Songea, ambayo hata mwigaji hodari haifichi yote, ilikuwa imetoweka. Sauti ilikuwa ya Alatanga kabisa, mpaka ile namna yake ya kumeza mate kabla ya kutaja jina la mkewe, ambayo Gama hakumbuki kama aliiga. Alijieleza kitaalamu: elektroni jirani huvutana taratibu, miaka ikipita yale makwaruzo madogo yanalainika, na makosa ya mwigaji ndiyo makwaruzo yenyewe, kwa hiyo ndiyo yanayotangulia kufutika. Maelezo yalikuwa sahihi. Hayakumsaidia kupata usingizi.

*

Aliwaza njia zote. Akinyamaza, Digna atakufa mlangoni pake akimsubiri mtu ambaye Gama ndiye aliyemwahidia. Akienda kwa mkuu wa kituo, yatafunguliwa mafaili, wataitwa wataalamu, na masika yatafika wakiwa bado wanaandikiana barua. Akisema kweli, anachekwa. Imebaki njia moja: kumwambia Digna uongo mwingine, kwa sauti ileile ya Alatanga anayoiamini.

Maana kuna tofauti, na Gama aliijua. Mtani humwigiza marehemu mchana, mbele za watu, kila mtu akijua. Kumwigiza marehemu peke yako shimoni ili mtu aamini si utani tena. Huo ni wizi. Tena ili aweke sauti mpya ilibidi aifute ya zamani, bila sahihi ya mwenyewe, na hiyo ni jela. Lakini jela haikumwogopesha kama lile neno kufuta. Je, kama sauti ile si yake yeye? Kama kweli miaka mitatu imempa Alatanga nafasi ya kuingia humo? Aliona aibu kuwaza hivyo, fundi mwenye cheti, na akaendelea kuwaza.

Jumanne aliandika kwenye daftari la kazi "ukaguzi wa kawaida, kipande 17". Akaupitisha umeme njia ya pembeni, akafunga naitrojeni ya kipande kile, akavaa spika akakaa kwenye kiti cha plastiki. Kupata joto kulichukua saa nne. Sauti haikufa mara moja. Kwanza makelele ya watu yalipungua, kisha mtoto akaacha kukohoa, kisha maneno yakaanza kukosa vichwa na miguu. Lililobaki mwisho lilikuwa neno moja, *narudi*, na lenyewe likasagika likawa mvumo, na mvumo ukaisha. Gama akavua spika.

Akafungua naitrojeni. Sindano ya kipimo ikaanza kushuka. Akaenda kabatini, akatoa koti la kijani, akalivaa, kwa sababu alijua bila koti sauti haitakuja. Kola ilikuwa bado ina harufu ya sigara. Akainamisha bega la kushoto.

Sindano ilipogusa alama alisema maneno aliyoyapanga. "Digna. Nimeshafika mimi. Usinisubiri tena. Funga mlango, uende kwa mtoto ukatibiwe."

Sauti ilikuja. Ilikuja vizuri kuliko alivyotarajia, ikazunguka handaki zima ikamrudia kutoka nyuma, na aliposikia Alatanga akisema nyuma yake kwamba ameshafika, koo likambana. Akamaliza hivyohivyo. Kisha akarudisha umeme, akafuta sakafu iliyokuwa na unyevu, akapanda.

*

Alhamisi Digna alisimama mara saba kwenye ngazi. Walisalimiana. Gama alitamani kumpa mkono akashindwa, akampa spika.

Alibonyeza kitufe, akageukia ukuta.

Kwa kawaida ilikuwa mara tatu. Safari hii mama alisikiliza mara moja, akavua spika, akaziweka magotini. Pampu zilikuwa zinavuma. Gama alijisemea sasa atalia, halafu atafurahi, halafu ataenda Dar.

"Huyu analia," Digna alisema.

Gama alishika waya ukutani kama anaukagua.

"Mume wangu hakulia. Alimzika mama yake huku anagawia watu chai. Humu kuna mtu anajikaza asilie." Akainua macho. "Ni nani, Gama?"

Miaka mitatu hakuwahi kumwita jina lake. Kwake alikuwa mtani tu. Gama akageuka na akaona kwamba mama yule ameshajua, anasubiri tu asikie. Akamwambia. Alimwambia kwa sauti yake mwenyewe, bila kuapa kwa mtu yeyote, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Na ile nyingine?"

Haipo tena, Gama alisema. Jumanne aliipasha moto. Naye alipolitamka hilo aliona uso wa Digna unavyobadilika, akaelewa kwamba la kuiga angeweza kusamehewa, hili sijui.

Mama alivuta pumzi mara kadhaa. Kisha akamwambia: iseme. Gama akauliza nini. Ile ya kwanza, Digna akasema, iseme hapa, nikuone mdomo.

Hakuna kazi ngumu aliyowahi kupewa Osmund Gama kuliko hiyo. Alisimama mbele ya kiti cha plastiki, bila koti, akasema jamani, mbona mnalia. Akasema nimetoka kidogo tu. Digna alimtazama mdomoni muda wote, kama unavyomtazama mtu anayemchoma mtoto wako sindano, hukosi hata chembe. Alipofika kwenye "narudi", mama aliinamisha kichwa.

Alipanda ngazi peke yake. Gama alimfuata kwa nyuma akitaka kumshika mkono, naye akautoa mkono wake.

*

Ijumaa Gama alisubiri polisi. Jumamosi akasubiri mkuu wa kituo. Hakuna aliyekuja, na hilo lilimtesa zaidi. Jumapili baada ya misa Fotunata alimpigia, sauti kavu, akasema mama anakuita, uje na koti la baba.

Alikwenda akiwa amelivaa, kwa sababu hakujua mtu analibebaje. Gari la Fotunata lilikuwa limesimama uani, milango wazi, mablanketi na mto kiti cha nyuma. Digna alikaa kizingitini, amevaa viatu vya safari. Mkononi alikuwa na jogoo mwekundu, amemfunga miguu kwa kipande cha kanga.

Hakumkaribisha ndani. Alianza kusema bila salamu, kwa sauti ya chini, na Fotunata akasogea mbali akajifanya anapanga mizigo.

Alisema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata padri. Usiku ule wa mwisho Alatanga alichelewa, na yeye akapiga komeo. Alimsikia akibisha. Akamsikia akiomba, akitania, akinyamaza. Hakufungua. Alfajiri alipoamka ghala la mahindi lilikuwa tupu, mwenzake ameondoka gizani kwenda kujipasha moto kituoni. Ndiyo maana aliwahi. Ndiyo maana alikuwa shimoni peke yake hewa ilipoharibika.

"Kwa hiyo uliposema nisifunge mlango," Digna alisema, "wengine wote walicheka. Mimi nilijua amenisamehe."

Gama alitaka kupiga magoti. Miaka mitatu alidhani ameweka utani wa msibani kwenye kigae, kumbe aliweka msamaha, na Jumanne aliufuta kwa mkono wake.

Digna alisema alikuwa amekusudia kwenda ofisini kumshtaki. Siku mbili alikusudia. Halafu akakumbuka kwamba siku ile shimoni watu walikimbia, na mtani hakupewa chake. Wenyewe ndio waliomwacha na koti. Mtu akiachwa na koti la maiti miaka mitatu, atafanya nini kama si mambo ya maiti? Na alimsikia kwenye ile ya pili. Alisikia kwamba Gama naye hajawahi kumlilia Alatanga, maana mtani halii mpaka avue.

Akasimama kwa shida, akamnyooshea jogoo.

"Chukua," alisema. "Vua."

Gama akampokea jogoo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaanza kufungua vifungo. Vilikuwa vitano. Kwenye cha tatu machozi yalianza, na kwenye cha tano alikuwa analia kwa sauti kama mtoto, mtu mzima uani kwa watu, jogoo anapiga mabawa kifuani kwake. Hakuna aliyemnyamazisha. Digna alilichukua koti, akalikunja mara mbili, akalisogeza puani mara moja, kisha akampa Fotunata aliweke garini.

Baada ya hapo mama aliliondoa lile jiwe kwa mguu. Akauvuta mlango. Mbao zilikuwa zimevimba kwa unyevu wa miaka mitatu, zikagoma, na Gama akaweka jogoo chini akausukuma kwa bega mpaka ukaingia. Kufuli nalo lilikuwa na kutu, ufunguo ukaingia lakini haukuzunguka. Gama alipapasa mfukoni akatoa kichupa cha mafuta anachotembea nacho kila siku, akatia matone mawili, akangoja, akatia la tatu. Akarudi nyuma.

Digna alizungusha ufunguo mwenyewe. Akautikisa mlango mara mbili kuhakikisha, kama afanyavyo kila mtu anayesafiri, kisha akaingia garini.